Njumu za mpwa wangu na luku ya bibi yake

Likizo ya mwezi wa 12 mpwa wangu alikuja kukaa na sisi hapa Ngamiani, Tanga, ana miaka 14, katoka kumaliza fomu wani, sauti ndo kwanza inaanza kukwaruza, hata begi hajafungua vizuri kaniambia mjomba nataka njumu. Za mtumba tu, kashaziona soko la Mgandini, elfu 25. Nikamwambia sina. Ukweli nilikuwa nazo ila huyu mtoto viatu vya mwisho nilivyomnunulia alivitupa juu ya bati akavisahau, mvua zote za vuli zikavipitia huko huko, nikasema safari hii hapana. Akanuna mpaka magharibi, akala kimya, mwisho akauliza kwa upole kabisa "sasa mjomba, mi ntapata wapi hela yangu mwenyewe?"

Jibu la wakubwa wote tunalijua, soma kwanza hela utazikuta. Nikalimeza, maana mimi mwenyewe nikiwa na umri wake nilikuwa namenya machungwa ya Muheza na kuyauza stendi, na shule niliimaliza.

Wazo lake la kwanza lilikuwa dagaa. Kuna dogo mmoja mtaa wa nyuma anaongozana na wavuvi wa Deep Sea anarudi na vijisenti, na yeye akataka. Nikakataa pale pale. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mtoto anarudi alfajiri ananuka chumvi na usingizi, na bahari haina mdogo. Tena Sheria ya Mtoto ya 2009 imeliweka wazi, kuanzia miaka 14 ruksa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumtoa shule, ila kumwajiri usiku, kuanzia saa 2 mpaka saa 12 asubuhi, hapana. Alivyosikia sheria akanyamaza, anadhani mi mwanasheria.

Tukaangukia barafu za ubuyu. Kaskazi imeanza, joto la Tanga mnalijua, na friji la bibi lipo. Nikamkopesha 6,000 nikamwambia nunua daftari uandike kila kitu hata kiberiti. Ubuyu 2,000, sukari kilo 3,000, vifuko na iliki 1,000. Akachemsha, akachuja, akatia rangi mpaka vidole vikawa kama kachinja, zikatoka barafu 90 za mia mia. Akapiga hesabu kichwani, 9,000 toa 6,000, faida 3,000, njumu wiki mbili hazifiki! Akalala anacheka.

Kesho yake jioni daftari linasema 7,800. Saba kala mwenyewe (aliita kuonja), tano kakopesha washkaji wa uwanjani ambao mpaka leo wanapita njia nyingine. Haya faida imebaki 1,800. Bibi yake yupo kibarazani anasuka ukili hata kichwa hainui, akamuuliza, "We mume wangu, na luku ya umeme nani analipa?" Kijana akaniangalia mimi. Mi nikaangalia juu. Yani nusu saa nzima wanabishana, mtoto anasema friji lilikuwa linawaka hata kabla hajaja, bibi anasema ndio lakini lilikuwa halifunguliwi mara arobaini kwa siku, mwisho wakaafikiana buku kila mzigo. Ikabaki 800. Nyie sijawahi kuona sura ya mtu inaelewa biashara kwa haraka vile.

Mzigo wa pili akabadilika bila kufundishwa na mtu. Kukopesha hakuna, na badala ya kusubiri wateja mlangoni akachukua ndoo yenye mfuniko akaizungushia gunia, saa 10 jioni yuko uwanjani mpira ukiwa mapumziko. Zinaisha kabla kipindi cha pili hakijaanza.

Sasa hapa kuna jambo langu. Ile hela yangu ya machungwa nilikuwa nampa shangazi mmoja "anitunzie". Nikija kuomba naambiwa si umekula, si umelala, hela gani tena. Alikuwa na shida zake Mungu anajua, ila mwaka ule niliacha kabisa kuuza, kwa sababu kama haiwi yako unatokwa jasho la nini? Kwa hiyo mpwa wangu nikamnunulia kibubu, ufunguo hakuna, kukifungua ni kukivunja, na nikawaambia watu wote nyumbani hakuna kumkopa mtoto, hata mimi. (Nilimkopa mara moja. 2,000 ya vocha. Aliniandika kwenye daftari.) Akizidi kujaza ntampeleka benki, siku hizi kuna akaunti za watoto, CRDB wana Junior Jumbo, mzazi anafungua.

Dada yake wa miaka 15 ndo kiboko zaidi. Anachora hina. Idd na harusi mabinti wanapanga foleni ukumbini kwetu, mkono mmoja bei yake, mikono na miguu bei yake, na mtaji ni hina, ndimu na mkono usiotetemeka. Ila piko nimempiga marufuku. Ile nyeusi inayokolea dakika chache wengi wanachanganya na dawa ya kutia nywele rangi, ina kemikali inaitwa PPD, ngozi ya mtu inaweza kuvimba malengelenge na kovu likabaki na ua lake vile vile. Hina halisi inatoa rangi ya kahawia au nyekundu, nyeusi tii haitoi. Akaniambia mjomba wateja wanataka nyeusi. Nikamwambia waende kwa mwingine. Wawili walienda, mmoja akarudi kaufunga mkono kitambaa.

Kuku walijaribu wote wawili, siku 21 kuku kaangua vifaranga tisa, tukajisahau chanjo ya kideri ambayo ni tone moja tu jichoni na kurudia kila miezi mitatu, wakaondoka saba ndani ya wiki. Hilo kosa langu, siwasemi.

Kibubu kilivunjwa wiki moja kabla shule hazijafunguliwa. 31,400. Tukaenda Mgandini, njumu ya elfu 25 ameishusha mpaka 18 kwa maneno ambayo najua kabisa kayatoa kwa bibi yake. Zinampwaya, kajaza pamba mbele, na kila akitoka uwanjani anazisafisha kwa mswaki wa zamani, anazifunga kwenye mfuko, anazificha chini ya kitanda chake. Juu ya bati hazijapanda.