Siti ndefu ya Stout ya mzee, nilivyoichonga upya

Wenye pikapu za zamani tunajua kilio ni kimoja, injini bado inavuta, bodi ukiinyoosha na kupiga rangi inarudi, lakini siti imekufa na hakuna duka lenye nyingine. Ya kwetu ni Toyota Stout ya mwishoni mwa miaka ya 70, mzee alikuwa anabebea mahindi na maharage kutoka Karatu kuja Arusha. Kwa vijana wasiozijua, Stout zilikuwepo kabla ya Hilux, Hilux imetoka 1968 na Stout zikaendelea kutengenezwa Japani pembeni yake mpaka 1989. Gia ziko kwenye usukani, kwa hiyo mbele wanakaa watatu bila mtu wa katikati kubanwa na kijiti, na siti ni moja tu inaanzia mlango huu mpaka ule. Mi naipenda hiyo siti kuliko kitu kingine chochote kwenye hilo gari. Ndo maana watu waliponishauri niitupe niweke siti mbili za Noah niligoma kabisa.

Sasa nachotaka kusema ni hiki, watu wengi wakipeleka siti kwa fundi wanaanzia kwenye kava, wanachagua leza (ile ngozi ya bandia), wanachagua rangi ya uzi, wanapiga picha wanaposti, afu baada ya miezi michache wanalalamika mgongo palepale. Kava halimkalishi mtu. Kinachokukalisha ni fremu, springi na sponji, na umbo la hiyo sponji ndo linaamua kama utafika Karatu umenyooka au umepinda. Kava ni la mwisho kabisa.

Siti yetu ilikuwa imezama upande wa dereva, miaka mingi ya mtu mmoja kukaa palepale, na kuna fundi zamani alishawahi kuitengeneza kwa kuweka kipande cha godoro juu ya sponji iliyokufa na kuvalisha kava jipya juu yake. Kwa nje ilipendeza, kwa ndani dereva alikuwa anakaa ameegemea mlangoni bila kujua, nyonga ya kushoto juu ya kulia chini. Mzee alikuwa anasema ni uzee. Arusha mpaka Karatu ni kama kilomita 140 hivi, unapita Makuyuni, Mto wa Mbu, afu unapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa, akishuka pale anasimama kwanza ameshika mlango ndo aanze kutembea.

Kabla sijafungua hata nati moja nilimkalisha mzee kwenye gari nikachukua tepu. Nikapima kutoka utosini mpaka paa la kebini, kutoka paja mpaka chini ya usukani, kutoka nyuma ya goti mpaka ukingo wa siti, na kisigino kinakaa wapi akikanyaga klachi mpaka chini. Vipimo vyote nikaviandika kwa maka pen kwenye kipande cha boksi nikakitundika gereji. Hii hatua usiiruke, kwa sababu ukiongeza sponji unamnyanyua dereva, inchi moja tu inatosha kumfanya agonge kichwa kwenye mashimo au mapaja yaguse usukani, na hapo uzuri wote wa siti hauna maana.

Kutoa siti si kazi kubwa, nati zimeoza tu, nilizimwagia oili chafu jioni nikazifungua asubuhi. Kwenye Stout yetu sehemu ya kukalia na mgongo ni vipande viwili tofauti, ndo inasaidia sana kwenye kuchonga. Kava la zamani nililifumua kwa wembe, mshono kwa mshono, sikulichana, na kila kipande nikakiandika namba, kipi juu kipi chini, mshale unaelekea mbele, picha za simu kila hatua. Hilo kava bovu ndo ramani yako. Ila uwe makini, upande wa dereva leza inakuwa imevutika kwa hiyo ukikata kwa kufuata kipande hicho utapata kava pana linalokunjamana. Mi nilichukua vipande vya upande wa abiria ambavyo havijachoka, nikavigeuza, vikawa patani, yaani kipimo cha kukatia, ya pande zote mbili.

Ndani ilikuwa huruma. Gunia lililokaa kati ya springi na sponji limekuwa vumbi, sponji imekuwa chenga za njano, springi mbili zimekatika na moja imechomoka kwenye kishikizo chake, na fremu imepasuka penye weldi chini ya dereva. Ndo maana nasema hata ungeweka leza ya milioni, mtu angezama tu.

Fremu niliipeleka mtaa wa Unga Limited hapa Arusha kwa mchomeleaji, lakini kabla hajachoma tuliilaza kwenye sakafu iliyonyooka tukaangalia kama kona zote nne zinagusa, afu tukapima kona kwa kona kwa mshazari, vipimo viwili lazima vilingane. Ikichomelewa ikiwa imepinda ndo imepinda milele. Baada ya hapo brashi ya waya, msasa, redoksaidi ya kuzuia kutu, rangi nyeusi. Springi zenyewe ni zile za nyoka nyoka, nilipata za kufanana kwenye siti za gari zilizochinjwa, cha kuangalia ni mkunjo wake uwe na urefu sawa na zile nzima, usichanganye ngumu na laini. Kwenye kila kishikizo nikaweka kipande cha ngozi ya mkanda wa zamani ili chuma kisisage chuma, hapo ndo panapotoa ule mlio wa kwiko kwiko. Afu zikafungwa waya upande kwa upande zisaidiane mzigo. Juu yake gunia la katani jipya mara mbili na turubai nyepesi, kwa sababu springi ikigusa sponji moja kwa moja inaikata kidogo kidogo kama kisu.

Haya tuje kwenye sponji, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu pesa nyingi zinapotea hapa. Uzito wa sponji unapimwa kwa kilo kwa mita ya ujazo, na uzito si sawa na ugumu. Unaweza kupata sponji ngumu ukiibonyeza dukani lakini nyepesi, ikakaa muda mfupi ikabonyea isirudi. Ya siti ya gari usishuke chini ya kilo 30, ukipata 40 bora zaidi. Mi nilipanga tabaka tatu, chini inchi mbili ya ile iliyosindikwa kwa vipande vya rangi rangi, hiyo ni ngumu inabeba uzito, katikati inchi mbili ya sponji nzito, juu inchi moja laini. Zikagandishwa kwa gluu, unapaka pande zote mbili unasubiri mpaka ukigusa kwa kidole hainatani sana ndo unakutanisha. Na viungo vya sponji usiviweke chini ya makalio, viwe pembeni, la sivyo utavihisi.

Kuchonga ndo raha yenyewe. Kwanza nilimkalisha mzee kwenye kipande cha boksi laini juu ya benchi la mbao, akainuka, ile mifupa miwili ya makalio ikawa imeacha alama, nikapima umbali wake nikaihamishia kwenye sponji. Kukata nilitumia jino la msumeno wa chuma bila mpini wake, na kupunguza kidogo kidogo nikatumia grinda yenye msasa mkali. Funika pua na mdomo, lile vumbi si la kuvuta. Upande wa dereva nikachimba sentimita mbili, upande wa abiria moja, katikati sikugusa kabisa, na pembeni sikuzidisha, kwa sababu ukichimba sana mtu wa katikati anabaki amekaa kwenye tuta na siti ndefu inakuwa haina kazi tena. Mbele, chini ya mapaja, nikaacha juu kidogo.

Mgongo ulikuwa na shida yake. Siti za hizi pikapu zimesimama wima kwa sababu nyuma yako ni ukuta wa kebini, huwezi kulaza. Nilichofanya ni kuchonga sponji ya mgongo iwe nyembamba juu mabegani na itoke kama sentimita tatu usawa wa mkanda wa suruali, hapo kiuno kinapata cha kuegemea na mabega yanarudi nyuma yenyewe. Afu chini ya miguu ya mbele ya sehemu ya kukalia nikaweka vipande vya chuma vya sentimita mbili na bolti ndefu zaidi zenye ugumu uleule wa zile za mwanzo, kwa hiyo siti yote ikainama kidogo kwenda nyuma. Hizo bolti usizifanyie ubahili, ndo zinakushikilia ukigonga.

Na hapa sasa ndo kitu ninachotaka kila mtu akifanye, tulifunga siti kwenye gari ikiwa uchi, sponji tupu imefunikwa nailoni na shuka kuukuu, tukaitembelea hivyohivyo Njiro, sokoni, kanisani, na safari ya Makuyuni kurudi. Majirani walishangaa lakini ndo kipimo cha kweli. Dakika tano gereji kila siti ni nzuri. Tulivyorudi Makuyuni mzee akaniambia, "Mwanangu, kiuno kimetulia, ila hapa mbele pananikata nyuma ya magoti." Nikamwangalia akikaa, kweli nafasi kati ya goti na ukingo ilikuwa ndogo na ukingo umesimama. Nikaulaza ukawa mviringo mpaka vidole vitatu vikapita pale bila kubanwa. Ingekuwa kava limeshashonwa, nani angelifumua?

Sponji ilipokubalika ndo nikamfuata fundi wa siti. Kijana ana mikono, ila alitaka kunishonea kama za mabasi, matuta kila upande. "Kaka, tuweke dizaini, hii ya zamani imepitwa." Nikamwambia hapana fundi, naomba mistari ileile ya wima iliyokuja na gari, cha kunisaidia ni kwenye mashimo. Maana kava lina tabia moja, ukilivuta juu ya shimo linanyooka kama ngozi ya ngoma, chini yake panabaki hewa, na ile kazi yote ya kuchonga inapotea. Dawa yake ni mshono upite palepale pembezoni mwa shimo, chini ya mshono unashonewa kijimfuko cha kitambaa kirefu, unapitisha waya mgumu ndani yake, sponji unaipasua mfereji, afu waya unavutwa chini na kufungwa kwenye springi kwa vile vipete vya chuma. Siti za kiwandani ndo zimefungwa hivyo. Fundi alipoona akaelewa palepale, na mwisho alifanya usafi kuliko nilivyotegemea.

Leza nilichukua ya kahawia, nyeusi kwa jua la mchana unaungua mapaja, na mgongoni kwake iwe na kitambaa cha kufuma kinachovutika kila upande, ile yenye kitambaa kigumu haikai kwenye mikunjo. Katikati tuliweka yenye vitundu ili ipumue. Uzi ni wa polyester, wa nailoni una nguvu lakini jua linaumaliza mapema, na kwenye pikapu jua linapiga siti siku nzima. Mishono isibanane, hatua ya kama milimita nne inatosha, ukiibananisha unaitoboa leza mpaka inachanika kwenye mstari kama stempu. Kava likashonwa dogo kuliko sponji kwa kama nusu inchi kila upande, tukaanika juani likawa laini, ndo tukalivalisha, wawili tunakandamiza mmoja anafunga vipete kuanzia katikati kwenda pembeni. Mikunjo midogo iliyobaki tuliipitishia mvuke wa pasi kwa mbali ikaisha.

Nilirudia vipimo vya kwenye boksi siti ilipofungwa. Kichwa cha mzee kimepanda chini ya sentimita moja, mapaja hayagusi usukani, klachi inafika chini bila kujivuta mbele. Safari ya kwanza ya Karatu tulikuwa watatu, mzee anaendesha, mi mlangoni, shangazi katikati, na shangazi ndo nilikuwa namwogopa kwa sababu hafichi. Akasema katikati pako sawa ila angependa pawe laini zaidi, hilo nimelipokea, sponji ya juu pale itabadilishwa iwe ya inchi moja na nusu, kazi ya kufungua vipete vichache tu. Mzee alishuka akaenda moja kwa moja kuangalia kitunguu shambani. Hakushika mlango.

Leza imebaki kama mita moja na nusu. Inayofuata ni mbao za ndani za milango, zimeoza chini kwa maji yanayoingia kwenye raba za vioo, kwa hiyo raba kwanza ndo leza ifuate.