Watu 16, mji mmoja na upepo wa mashariki: nilivyoongoza safari ya Cádiz

Mwaka wangu wa pili wa masomo Sevilla, Hispania, chama chetu cha wanafunzi wa kigeni kilinikabidhi safari ya kwenda kuutembelea mji wa Cádiz. Siku moja, kwenda na kurudi, watu 16. Sababu niliyopewa ilikuwa moja tu: wewe ni mtoto wa pwani. Ni kweli. Nimezaliwa Malindi, Unguja, na babu yangu mzaa mama alivua samaki mpaka magoti yakamkatalia. Lakini kuchukua watu 16 wa nchi tisa, kila mmoja na mfuko wake na mwiko wake wa chakula, ni kazi niliyokuwa sijaifanya hata mara moja. Naandika nilivyoifanya kwa sababu wadogo zangu wawili wa chama wameniuliza mwaka huu, na majibu ya ujumbe wa simu hayakutosha.

Nilianza na fedha. Tiketi ya treni kila mtu alijikatia mwenyewe, kwa treni niliyoitaja mimi, ili mtu asije akaghairi usiku wa mwisho na kuacha deni kwa wenzake. Juu ya hapo kila mmoja alinipa euro 18 mkononi: 15 za chakula na viingilio, 3 za dharura. Hizo tatu tatu nikazitia kwenye bahasha peke yake, nikaifunga kwa utepe na kuandika juu yake jumla, euro 48. Wapo walioona ni nyingi. Nikawaambia isipofunguliwa kila mtu atarudishiwa chake tukifika Sevilla.

Chakula kilinipa kazi ndogo kuliko nilivyodhani. Waislamu tulikuwa sita, wawili hawali nyama ila samaki, mmoja njugu zinamdhuru. Cádiz ni mji wa samaki, hivyo wote tuliweza kula mahali pamoja, na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Nimewahi kwenda safari ambapo wenzangu wanaingia mkahawani nami nasimama nje na mkate wangu.

Ratiba niliipanga kwa saa za treni na za boti. Tungefika saa nne asubuhi, tungetembea mchana kutwa, kisha saa kumi na moja na nusu jioni tungepanda boti ya abiria kuvuka ghuba hadi El Puerto de Santa María, mwendo wa nusu saa hivi, na huko tungepanda treni ya saa moja kurudi Sevilla. Tiketi za kurudi zilikatwa kuanzia El Puerto. Nilitaka kila mtu auone mji ule kutoka majini, kwa sababu mji wa bahari usipouona kutoka baharini umeuona nusu.

Siku mbili kabla, nilimwonyesha karatasi yangu mama mwenye nyumba ninayopanga, ambaye ni mzaliwa wa Cádiz. Alivaa miwani, akaisoma yote, kisha akaniambia mambo mawili. "Mwanangu, watu wako wale kabla ya saa kumi. Jikoni zikifungwa hapo, hazifunguliwi mpaka saa mbili usiku." La pili aliuliza: "Na levante umeiangalia?"

Cádiz wana pepo mbili zinazotawala maisha yao. Poniente hutoka Atlantiki, magharibi, upepo wa baridi wenye unyevunyevu. Levante hutoka mashariki, ukavu mtupu, na karibu na mlango wa Gibraltar huvuma siku kadhaa mfululizo mpaka watu wanashikwa na maumivu ya kichwa. Jina lake maana yake ni kuchomoza, yaani upande jua linakotokea. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka babu. Sisi tuna kaskazi na kusi zinazougawa mwaka, lakini upo pia upepo wa asubuhi utokao mashariki, tunauita matlai, na hilo nalo asili yake ni neno la Kiarabu la kuchomoza. Watu wa bahari mbili, jina moja. Nilimwambia Señora, ndivyo ninavyomwita mama mwenye nyumba, akafurahi kama nimemletea zawadi. Utabiri wa siku ile ulionyesha upepo wa wastani, nikaiacha boti palepale kwenye ratiba.

Jumamosi ikafika. Treni kutoka Sevilla huchukua saa moja na dakika 40 hivi. Baada ya San Fernando nchi inakuwa nyembamba, bahari inaonekana kushoto na kulia, na gumzo lote la behewani likakatika. Kituo cha Cádiz kiko mlangoni mwa mji wa zamani, jirani na bandari. Nikahesabu vichwa: 16.

Tuliingia kwanza makumbusho ya Plaza de Mina, kabla miguu haijachoka. Kiingilio ni bure kwa raia wa Umoja wa Ulaya, na sisi wengine ni euro moja na nusu. Nilikwenda dirishani peke yangu, nikalipia kutoka mfuko wa pamoja, nikarudi na tiketi zote mkononi. Sikutaka siku ianze kwa kundi kugawanyika mistari miwili kwa rangi ya pasi za kusafiria. Kiongozi mwingine anaweza kuliona dogo. Mimi silioni dogo.

Ndani kuna majeneza mawili ya marumaru ya Wafoinike, watu waliouanzisha mji huu kwa jina la Gadir, ya karne ya 5 kabla ya Kristo. Moja la mwanamume, lilipatikana mwaka 1887. La mwanamke lilipatikana mwaka 1980. Kati ya miaka hiyo, mwanaakiolojia Pelayo Quintero alifukua huku na huku akiamini kwamba la mwanamke lipo, akafariki bila kulipata. Lilipokuja kuonekana, wenyeji wanasimulia, lilikuwa kwenye kiwanja ilipokuwa nyumba yake mwenyewe. Sasa yamelazwa pamoja, mume ana ndevu zilizopindwa pindwa, mke ameshika kitu kama kichupa cha manukato. Kundi langu lilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nami sikuwaharakisha, ingawa tulikuwa nyuma kwa dakika 20.

Kwenye kanisa la San Felipe Neri tulibaki nje. Ndani ya kanisa hili, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya Napoleon, bunge liliandika katiba iliyotangazwa tarehe 19 Machi 1812. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Yosefu, na kwa kuwa kina José huitwa Pepe, wananchi wakaipa katiba jina la La Pepa. Kuta za nje zimejaa vibao vya kuwakumbuka wajumbe, wakiwemo waliotoka Amerika. Mwenzetu wa Ekwado alikuwa akimtafuta José Mejía Lequerica, mtu wa Quito, aliyefia Cádiz mwaka 1813. Alipompata, alipiga picha mbili, kisha akaweka simu mfukoni akasimama tu.

Mnara wa Torre Tavira nilikuwa nimeuwekea nafasi wiki nzima kabla, na nashauri yeyote mwenye kundi afanye hivyo, kwani wanaingiza watu kwa zamu. Mwaka 1717 biashara ya Hispania na Amerika ilihamishwa kutoka Sevilla ikaletwa Cádiz, na wafanyabiashara wakajenga minara juu ya nyumba zao ili kuona meli zao zikirudi. Zaidi ya mia moja imebaki. Tavira ndiyo iliyofanywa mnara rasmi wa bandari mwaka 1778. Juu kuna chumba cha giza chenye kioo na lenzi kwenye paa, kilichowekwa mwaka 1994. Taa zikizimwa, mji mzima unashuka na kutandazwa kwenye sahani nyeupe mbele yenu, na si picha iliyopigwa jana, ni mji wa dakika ileile. Shakwe wanapita. Mwongozaji aliweka kipande cha karatasi chini ya mtu aliyekuwa akitembea barabarani, akakiinua polepole, na mtu yule akapanda naye juu ya karatasi bila kujua. Dada yetu wa Nakuru alishika mdomo kwa mikono miwili.

Nami nilikuwa natazama nguo. Juu ya dari moja palikuwa na kamba ya shuka, na shuka zile hazikuning'inia. Zilikuwa zimenyooka kama mbao, zote zimeelekea Atlantiki. Shuka zikielekea magharibi, upepo unatoka mashariki, na ule haukuwa upepo wa wastani.

Tulipopanda kwenye paa la mnara, upepo ulitupokea usoni. Nilitazama ile minara na kufikiria pia shehena ambayo baadhi ya wenye minara waliingojea. Mwaka 1765 mjini humu ilianzishwa kampuni iliyoitwa Compañía Gaditana de Negros, na biashara yake ilikuwa kupeleka Waafrika utumwani Amerika. Mtoto wa Unguja huwezi kusimama mahali kama hapo ukatazama uzuri peke yake. Niliwaeleza wenzangu hilo palepale, kwa maneno machache, na Wamoroko wetu wawili wakaendelea kuniuliza mpaka tumeshuka ngazi zote.

Saa nane tulikuwa kwenye duka la samaki wa kukaanga. Unaagiza kwa uzito, wanakufungia kwenye karatasi iliyosokotwa kama ile ya njugu za Forodhani. Niliagiza cazón en adobo, nikauma, nikanyamaza. Ni papa, papa yuleyule wa kwetu, amelowekwa kwa siki, kitunguu saumu na bizari ya pilau, akakaangwa. Kisha zikaja tortillitas de camarones. Unga wake una unga wa dengu, na ndani kuna uduvi mzimamzima na majani ya kotimiri ya Kizungu. Kwa maana nyingine ni bajia ya uduvi, nyembamba, yenye kingo zinazovunjika kama karatasi kavu. Mkongo wetu wa Goma alikula saba.

Wakati wanakula nilimwandikia Señora: shuka zimenyooka kuelekea magharibi. Akanijibu kwa neno moja: levantera, yaani levante kali.

Sasa hapa ndipo nilipoamua. Kundi nililipeleka La Caleta, ufuo mdogo wa mji wa zamani. Ufuo huu unatazama magharibi, mji wenyewe umeukinga, hivyo levante ikipiga ghuba yote, La Caleta watu wanaota jua. Angekuwa mtu asiyezijua pepo, angeona maji yametulia pale akaamini boti itaondoka. Mimi na dada wa Nakuru tukatembea hadi bandarini, mwendo wa karibu nusu saa. Upande ule ghuba ilikuwa imejaa povu jeupe, na kwenye kibanda cha boti palibandikwa karatasi: huduma zimesitishwa kwa sababu ya upepo. Boti yenyewe ilikuwa imefungwa kamba, inajigonga kwenye matairi ya gati.

Tiketi zetu za Sevilla zilianzia El Puerto, upande wa pili wa maji. Lakini ipo treni ya kawaida, ya wakazi wa ghuba, inayozunguka kwa San Fernando mpaka El Puerto, na kituo kilikuwa mbele ya macho yetu. Nilitoa bahasha nikachana utepe. Nilikata tiketi 16 za saa kumi na mbili kasoro, nikaandika kwenye kundi la WhatsApp: boti hakuna, tukutane kituoni saa kumi na moja na nusu, tiketi ninazo, msiwe na wasiwasi. Sikuandika zaidi ya hapo. Watu 16 wakianza kujadiliana kwenye simu, saa nzima inapotea na hakuna anayekwenda popote.

Dada wa Nakuru akaniambia, "Wewe rudi ufuoni, mimi nitawapokea hapa." Namshukuru mpaka leo. Nilipata dakika 15 za La Caleta.

Mwezi ulikuwa nusu, maji mafu, bahari haikuwa imetoka mbali, lakini kupwa kwake kulitosha kuacha majabali wazi na vidimbwi vyenye kaa wadogo. Mashua za wavuvi zilikaa kichwa upande kwenye mchanga, jinsi zinavyokaa Malindi. Mkongo wetu nilimkuta amesimama majini hadi magotini, suruali imekunjwa, viatu amevining'iniza shingoni. Amekulia kando ya Ziwa Kivu na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia baharini. Alichovya kidole, akakiweka ulimini.

"Ndugu," akaniambia, "maji hii iko chumvi kabisa."

Aliomba dakika mbili. Akaimwaga chupa yake ya maji ya kunywa, akaijaza ya bahari, akaiinua kwenye jua kuangalia mchanga ukizama.

Kituoni nilihesabu 16. Treni ilipopita kwenye ule ukanda mwembamba, ghuba ilikuwa bado nyeupe kwa mawimbi. El Puerto tulifika tukiwa na nusu saa ya ziada, nikagawa mabaki ya bahasha, senti kwa senti, juu ya benchi la kituo. Mkongo wetu alipokea zake kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi, kwa sababu wa kulia ulikuwa na chupa.