Anavuka bila kujua

Siku hizi swali moja haliniachi: mtu anayetumbukia kwenye shimo jeusi, yeye mwenyewe anaona nini?

Yatakayoonekana kwetu tuliobaki mbali yanajulikana. Kadiri anavyoukaribia upeo wa tukio, yaani mpaka ambao kikishauvuka kitu chochote, hata mwanga, hakirudi tena, tunamwona akipunguza mwendo, saa yake ikizidi kuchelewa, mwanga wake ukiwa mwekundu na kufifia hadi usionekane tena. Kuvuka kwenyewe hatukushuhudii kamwe.

Lakini yeye anavuka! Saa yake inakwenda kama kawaida, moyo unapiga vilevile. Kwenye mpaka hapana ukuta wala alama.

Shimo likiwa dogo, hafiki hata hapo. Lenye tungamo la majua 10, upeo wake uko kilomita 30 tu kutoka katikati, na miguu inavutwa kwa nguvu kupita kichwa kiasi kwamba mwili unachanika mapema. Sagittarius A*, lililo katikati ya galaksi yetu, ni jingine kabisa: majua milioni 4, upeo wa kilomita milioni 12 hivi. Humo angepita salama salimini, asihisi hata kuvutwa kidole.

Husemwa pia kwamba akitazama nyuma angeona mustakabali wote wa ulimwengu ukipita mbio. Sivyo, kwa anayeanguka tu bila kujizuia. Nyota bado anaziona, ila mwanga unaowahi kumfikia ni wa muda wenye kikomo.

Linalonigusa zaidi ni la ndani. Ukishavuka, kitovu hakiko tena upande fulani wa kukimbia. Kinakuja kama kesho inavyokuja. Hakuna injini ya kukikwepa. Ndani ya Sagittarius A* hata kwa ujanja wote asingepata zaidi ya dakika moja na ushee. Lakini kwenye M87*, lile ambalo picha yake ilitolewa mwaka 2019, lenye majua bilioni 6.5, anayeanguka kutoka mbali angepata muda wa karibu saa 12, na mwili wake ungekuwa mzima karibu muda wote huo.

Saa 12! Angeweza kupima, kuandika, hata kulala. Redio yake ingeendelea kupokea salamu tulizomtumia mapema. Angetujibu pia, na nadhani mimi ningejibu, ingawa hakuna neno lake hata moja ambalo lingetoka.