Mkono Ulioshika Demani

Mwaka 2014 nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari mjini Tanga, katika moja ya zile barabara zetu za namba. Tulitoa fotokopi, tulichapa barua na kadi za mialiko, tulipiga picha za pasipoti. Kompyuta ilikuwa moja, na ndani yake kulikuwa na GIMP 2.8, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure. Nilikuwa nayo kwa miezi mitatu. Nilijua kufungua picha, kupunguza kingo, kuongeza mwanga na kufuta kwa kifutio. Kutwa nilipaka bluu nyuma ya vichwa vya watu, nikaamini kazi nimeshaijua.

Asubuhi moja akaingia mama mtu mzima kutoka Sahare. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akafungua pindo la kanga na kutoa kikadi cha kumbukumbu cha simu kilichoviringishwa kwenye kipande cha nailoni. Mwanawe alikuwa mvuvi, na alikuwa amefariki. Wenzake wa chombo walitaka kuingia kwenye mashindano ya ngalawa wakiwa wamevaa fulana yenye sura yake, na jina la chombo limepinda juu ya kichwa chake. Simu iliyopiga picha ile ilishakufa. Picha ilikuwa hiyo moja.

Kijana amesimama ndani ya ngalawa, kifua wazi, mkono wa kulia umeshika demani, ile kamba ya kuongozea tanga. Nyuma yake bahari, na tengo moja, ule ubao wa ubavuni unaoizuia ngalawa isipinduke, limeinuka juu ya maji.

"Nataka yeye tu, mwanangu," mama akasema. "Hayo ya nyuma yatoe."

Nikaifungua picha ikiwa humo humo kwenye kikadi, bila kuinakili kwanza. Nikachukua kifutio nikaanza kuila bahari kutoka pembeni, polepole, nikielekea kwenye mwili. Ilinichukua zaidi ya saa nzima. Nilipofika mkononi nilikuwa nimechoka, kifutio kilikuwa kipana, na vidole viwili vikaondoka pamoja na kamba. Nikasema moyoni, padogo hapo, nani ataona. Kisha nikaenda kwenye menyu, nikabonyeza ile amri ya kuandika juu ya faili lililofunguliwa.

Nilipoleta jina la chombo na kumweka kijana mbele yake, herufi zikapotea. Kulikuwa na boksi jeupe limemzunguka pande zote. Sikuwa nimeondoa kitu, nilikuwa nimepaka nyeupe. Picha ya JPEG, aina ya faili ambayo simu ilihifadhi, haijui uwazi. Kila nukta yake lazima iwe na rangi, na kifutio kikipita juu ya picha ya namna hiyo huacha rangi ya nyuma iliyochaguliwa kwenye programu, ambayo kwangu ilikuwa nyeupe.

Fundi aliyekuwa akichapa fulana kwa skrini, ule wavu mwembamba wa kupitishia wino, duka la pili, akaja kuulizia kazi. Aliinama mbele ya kioo cha kompyuta, akatazama vile vidole.

"Ya mwanzo iko wapi?"

Nilipomjibu, hakunifokea. Alisema, "Usifunge kitu. Usizime."

Wiki ile umeme ulikuwa ukikatika ovyo, na hatukuwa na betri ya akiba. Kumbukumbu ya hatua zilizopita hukaa hai maadamu picha imefunguliwa, hata kama umeshahifadhi. Lakini ina kikomo. Ikijaa, hatua za mwanzo hutupwa. Nikashika Ctrl, nikaanza kugonga Z. Vidole vilirudi mapema, kwa kuwa niliviharibu mwishoni. Kisha kamba ya demani, kisha bega likapata kivuli chake. Bahari ilikuja vipande vipande, na kila kipande nilikingoja nikijua huenda ndicho cha mwisho. Tengo ndilo lililobaki. Nilikuwa nimeanza kufuta upande ule. Nikagonga. Nikagonga tena. Likatokea, na maji yake chini. Sijawahi kufurahi hivyo mbele ya mashine.

Tulihifadhi nakala mbili papo hapo, moja kwenye kompyuta na moja kwenye kikadi. Kisha fundi akanichukua dukani kwake.

Alitoa karatasi tatu za plastiki angavu, za kazi ya zamani ya timu ya mpira. Kila moja ilikuwa na michoro myeusi tu: hii ya kupitisha rangi ya kijani, hii ya njano, hii ya maandishi. Akazibandika moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha. Jua la mchana likapita, nembo nzima ikaonekana. Akaivuta ya katikati, njano ikatoka, nyingine zikabaki kama zilivyo. "Hizi ndizo leya," akasema. "Wewe ulikuwa unafanya kazi kwenye karatasi moja. Ukikosea, umeshaitoboa."

Mpaka leo namfundisha kila anayeanza kwa plastiki na dirisha kabla hajagusa mausi.

Nikarudi kuanza upya. Leya ya picha nikaifanya mbili. Ya chini nikaifungia kijicho chake, ile alama ya kuonyesha au kuficha leya, ikawa haionekani. Ya juu nikaiongezea alfa, ambayo ndiyo inayoipa kila nukta nafasi ya kuwa wazi, kisha nikaivalisha maski. Kwenye maski hufuti chochote. Ukipaka nyeusi, sehemu hiyo inajificha. Ukipaka nyeupe, inarudi. Kijivu kinaiacha nusu nusu, na hicho ndicho kinachofaa kwenye nywele na ukingo wa bega. Bahari ilipojificha, vikatokea vijisanduku vya kijivu kama ubao wa drafti, alama kwamba hapo hakuna rangi kabisa. Vidoleni nilikuza picha mara nne, nikapaka kwa brashi nyembamba, nikikosea nabadili nyeupe nasahihisha. Fundi alinionyesha pia kuweka leya nyekundu chini yake kwa muda, na mabaki yote ya bahari niliyodhani yamekwisha yakaonekana kama madoa.

Faili la kazi nikalihifadhi kwa XCF, aina ya faili la GIMP yenyewe, ili leya zisiunganishwe, na la kupeleka kwa fundi nikalitoa kwa PNG, inayobeba uwazi. Herufi za jina zikakaa nyuma ya kichwa chake, bila boksi.

Jumamosi mama akaja kutazama. Alikaa kimya muda mrefu.

"Na ngalawa umeitupa?"

"Ipo, mama." Nikabonyeza kile kijicho cha leya ya chini. Bahari ikarudi nyuma ya mwanawe, na tengo, na maji.

Mama akasogeza kiti karibu. "Basi iwepo. Lakini isimzidi."

Nikashika kipimo cha ukolevu wa leya ile nikakishusha kutoka 100. Sitini. Arobaini. "Punguza," akasema. Kwenye 25 tengo lilionekana kwa mtu anayelijua tu. "Hapo."

Fundi alipoona alikuna kichwa, maana rangi ya skrini haifahamu kufifia. Wino ama umepita ama haukupita. Ili bahari ionekane hafifu, ilibidi aigeuze vitone vidogo vidogo vilivyoachana, na skrini ya kwanza ilimharibikia wakati wa kuiosha. Akatengeneza nyingine bila kuongeza bei.

Siku ya kuchukua, mama alikunjua fulana moja na kuangalia mkono kwanza. Nikamrudishia kikadi chake kikiwa na picha ya mwanzo, na faili jingine lenye leya zote. Akakiviringisha tena kwenye nailoni, akakifunga kwenye pindo la kanga.