Expo si gulio: maonyesho ya dunia yakitazamwa kutoka Uyole

Kila Agosti viwanja vya John Mwakangale pale Uyole, Mbeya, vikijaa, swali la kwanza ni moja: umeuza nini? Kwa Nane Nane, maonyesho ya wakulima, ni swali la haki. Kwa maonyesho ya dunia, yale yanayoitwa Expo, ukiuliza hivyo umepotea, kwa sababu wanaoalikwa kule ni mataifa, na biashara huja baadaye, ikija.

Yalianzia London, Hyde Park, tarehe 1 Mei 1851. Jumba la maonyesho, la vioo na chuma, lilibuniwa na Joseph Paxton, mtu wa bustani. Aliyewahi kulima nyanya kwenye kitalu nyumba huku nyanda za juu atamwelewa upesi: usiku wa baridi paa linatoa jasho, matone yanadondokea majani, ukungu unaingia. Gata za Paxton za mbao zilichongwa mfereji wa mvua katikati, na pembeni vijifereji viwili vya kudaka jasho la vioo. Maji yakashuka ndani ya nguzo za chuma, zilizoachwa wazi kama bomba. Mchana shida ikawa joto, wakatandaza vitambaa juu ya paa.

Nguzo zilipangwa kwa kipimo cha futi 24, na vioo karibu 300,000, kila kimoja inchi 49 kwa 10. Kwa kuwa vipande vilifanana, mafundi 80 waliweka vioo zaidi ya 18,000 kwa wiki moja, wakisogea kwa vigari vilivyopita juu ya gata zenyewe. Ekari 19 zikaezekwa kwa chini ya mwaka. Hata sakafu iliachiwa nyufa ili vumbi lidondoke chini, na magauni marefu ya akina mama yakafanya kazi ya ufagio.

Kiingilio kilianza juu, kikashushwa hadi shilingi moja kuanzia 26 Mei. Hapo ndipo watu wa kawaida walipomiminika, na jumla ya walioingia ikafika milioni 6. Vyoo vya kulipia, peni moja kwa mtu, vilihudumia watu 827,280. Kamati inayogawa mabanda kabla ya kuhesabu vyoo ingeitazama namba hiyo mara mbili. Faida, kama pauni 186,000, ilinunua ardhi ya South Kensington ambako makumbusho yamesimama hadi leo.

Si yote ya kujivunia. Kwenye maonyesho ya Brussels ya 1897, Wakongo 267 walipelekwa Tervuren, nje kidogo ya jiji, kutazamwa kama bidhaa, na 7 walifia huko. Mwaka 1958, Brussels hiyohiyo ikajenga tena kijiji cha Wakongo cha kutazamwa.

Maonyesho ya Vienna ya 1873 yaliacha kitu kinachomgusa fundi wa Mbeya moja kwa moja. Wavumbuzi wa nje waliogopa kuibiwa, wengine wakakataa kuleta mashine. Hofu hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Mkataba wa Paris wa 1883 unaolinda uvumbuzi. Kwa hiyo kama umebuni mashine ya kumenya kahawa, peleka ombi la hataza, yaani haki ya uvumbuzi wako, BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) kwanza, Uyole baadaye. Ukishaianika hadharani, upya wake unaweza kuhesabiwa umekwisha.

Mkataba mwingine, ule wa 1928 wa maonyesho ya kimataifa, ndio ulioweka utaratibu: siku hizi Expo kubwa huja kila miaka 5 na haizidi miezi 6, ndogo ina mada finyu, na haizidi hekta 25 wala miezi 3. Bidhaa za maonyesho huingia bila ushuru kwa sharti la kurudi zilikotoka. Ukiziuza hukohuko, forodha itakudai.

Miezi 6 ndiyo inayowashinda wengi. Shanghai 2010 ilipita watu milioni 73, na nchi nyingi za Afrika zilikaa jengo moja, kila moja na kipande chake. Kosa la kawaida kwenye kipande kidogo ni kujaza: chai ya Rungwe, mchele wa Kyela, vinyago, vipeperushi, hadi mgeni hajui aangalie wapi. Chagua kimoja. Parachichi la Rungwe ni zuri, lakini litaoza ndani ya wiki chache, na kila shehena mpya inataka cheti cha afya ya mimea. Kahawa ya Mbozi inavumilia zaidi, mradi iende mbichi, yaani haijakaangwa, ikaushwe vizuri na ikae pakavu. Ikaangwe hukohuko kidogokidogo, si zaidi ya inayotosha wiki mbili, kwa sababu ikishakaangwa harufu haingoji. Na harufu ndiyo itakayomgeuza anayepita.