Nageti za kuku za kuoka, zenye ganda kavu

Nageti, yaani vipande vidogo vya kuku vilivyovikwa ganda la chenga za mkate, zikiokwa nyumbani mara nyingi huwa na kasoro moja: nyama imeiva vizuri, lakini ganda limepauka na kulegea, na upande uliolalia trei umelowa kabisa. Wapishi wengi huilaumu oveni, wakarudi kwenye karai la mafuta. Lawama hiyo naiona si ya haki, kwa kuwa oveni imepewa kazi mbili kwa wakati mmoja, kuivisha nyama na kukausha ganda, na muda unaotosha kazi ya kwanza hautoshi ya pili.

Mafuta yenye joto la nyuzi 180 za Selsiasi huizunguka nageti pande zote na kuipa joto kwa kasi, hata maji yaliyo kwenye ganda hugeuka mvuke papo hapo na chenga za mkate zikapata rangi ya kahawia ndani ya dakika chache. Hewa ya oveni hupitisha joto polepole zaidi, hata inapokuwa na nyuzi nyingi kuliko mafuta hayo. Kipande cha kidari chenye unene wa sentimita 2 au 3 huiva kwa dakika 12 hadi 15 katika nyuzi 220, na muda wote huo nyama inatoa unyevu unaopita katikati ya ganda ukielekea nje. Chenga za mkate zilizoingia oveni zikiwa nyeupe hutoka zikiwa karibu nyeupe, na mpishi akisubiri hadi zibadilike rangi, kidari kitakuwa kimeshakauka kama kuni.

Kwa hiyo chenga nazikaanga kwanza, peke yake, kabla hazijamgusa kuku. Kwa nusu kilo ya minofu hutumia gramu 100 za chenga na vijiko viwili vya chakula vya mafuta, nikizigeuza bila kupumzika katika kikaango kwa moto wa wastani hadi ziwe na rangi ya dhahabu iliyokolea. Mwiko usiache kugeuza, kwa sababu chenga hukaa muda mrefu bila kubadilika, kisha huungua ghafla. Rangi zinayotoka nayo kikaangoni ndiyo karibu rangi ya nageti zako, kwani oveni itaongeza kidogo tu, hivyo usizitoe mapema kwa woga. Chenga kubwa za mtindo wa Kijapani ziitwazo panko ndizo ninazozipenda zaidi, maana zina pembe na nafasi za kupitisha mvuke, ilhali chenga laini kama unga hushikamana na kufanya tabaka zito. Asiyekuwa na panko anaweza kukausha mkate mweupe na kuuvunjavunja kwa mkono bila kuusaga.

Upande wa nyama hauna maneno mengi. Kidari hukatika vizuri na huiva sawasawa; paja lina mafuta zaidi na husamehe dakika mbili tatu za kupitiliza, ingawa huchukua muda mrefu kidogo. Kuku simwoshi chini ya bomba, kwa sababu maji yanayoruka husambaza bakteria kama salmonela na kampilobakta kwenye sinki na vyombo vya jirani, na joto la oveni litawaua hata hivyo. Ninachofanya ni kufuta vipande kwa karatasi ya jikoni hadi vikauke, kuvipaka kijiko kimoja cha chai cha chumvi pamoja na pilipili manga na kitunguu saumu cha unga, kisha kuviacha kwenye friji kwa nusu saa au zaidi. Mapishi mengi hupendekeza kulowesha kuku katika maziwa mgando. Nyama hulainika kweli, lakini kwa nageti za oveni naona ni kuongeza maji mahali ambapo tunahangaika kuyaondoa.

Chumvi hiyo ina kazi nyingine zaidi ya ladha. Huvuta protini za nyama hadi juu na kuufanya uso wa kipande unate. Robert C. Baker, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani ambaye mwaka 1963 alichapisha namna ya kutengeneza vijiti vya kuku vilivyo babu wa nageti za leo, alitegemea jambo hilohilo ili nyama iliyosagwa ishikane bila ngozi. Tatizo lake la pili lilikuwa ganda lisilobanduka wakati wa kugandishwa na kukaangwa. Hakuomba hataza ya uvumbuzi wake, na viwanda vikauchukua bure.

Kubanduka kwa ganda nyumbani kwa kawaida husababishwa na unga mwingi. Unga wa ngano unatakiwa uwe vumbi tu la kunyonya unyevu uliobaki, hivyo kila kipande kikung'utwe kabla ya kuingia kwenye yai. Yai moja lililopigwa na kijiko kimoja cha haradali latosha. Liache lichuruzike, kisha zika kipande ndani ya chenga na kukibonyeza kwa kiganja kwa nguvu kiasi. Mkono mmoja ushike vikavu na mwingine ushike yai, la sivyo vidole vyako ndivyo vitakavyovaa ganda.

Oveni iwashwe mapema ifike nyuzi 220 kabla ya trei kuingia. Weka wavu wa chuma juu ya trei, upake mafuta kidogo, na upange nageti bila kugusana, ili hewa ya moto ipite chini na mvuke upate pa kutokea. Kwa wavu huna haja ya kuzigeuza. Asiye na wavu atandike karatasi ya kuokea na azigeuze mara moja katikati ya muda, akikubali kwamba upande mmoja utakuwa laini kidogo. Kwa kuwa ganda lilikuwa na rangi tangu mwanzo, macho hayawezi kukuambia kama nyama imeiva. Tumia kipimajoto, na katikati ya kipande kinene zaidi kisome nyuzi 74. Zikishatoka ziache palepale kwenye wavu kwa dakika tatu. Ukizirundika kwenye bakuli zikiwa za moto, mvuke wake utarudi kwenye ganda na kuharibu kazi yote. Sosi nayo ikae pembeni.

Nikitengeneza nyingi, zile za ziada nazigandisha zikiwa mbichi na zimeshavikwa chenga, zikiwa zimetandazwa kwenye trei hadi ziwe ngumu, ndipo nazitia kwenye mfuko na kuzirudisha kwenye friza. Huokwa moja kwa moja kutoka kwenye friza katika nyuzi 200 kwa dakika 20 hadi 25, bila kuyeyushwa, maana zikiyeyuka maji huishia kwenye chenga. Zilizokwisha kuokwa na kulala kwenye friji hupashwa kwa oveni dakika chache tu. Maikrowevu huzilegeza papo hapo.