Hekalu la Mbinguni kwa Tiketi Mbili

Guangzhou naenda kila mwaka kufuata mzigo, lakini Beijing nilikuwa siijui. Safari hii mzigo ulichelewa, nikapanda treni ya kasi kwenda kumwona mpwa wangu anayesoma huko. Siku niliyotaka kwenda kuliona Hekalu la Mbinguni, yeye alikuwa na mtihani. "Shangazi, shika treni ya chini ya ardhi, laini namba 5, shuka Tiantan Dongmen, geti la mashariki la hekalu. Pasipoti usiisahau."

Pasipoti sikuisahau. Nilichokosea ni tiketi. Getini nilinyooshea kidole bei ya chini kabisa, mfanyabiashara tena, nikalipa kwa simu, nikaingia kifua mbele. Kumbe ile ni ya bustani tu! Kwenye uzio wa jumba kuu nikagomewa. Dada wa pale akaongea na simu yake, simu ikanitafsiria kwamba majengo yana tiketi yake. Nikalipa tena. Ukienda, chukua ile ya pamoja tangu getini.

Bustani yenyewe, hasa asubuhi, ni ya wazee wa mtaani. Wanacheza karata kwenye baraza ndefu yenye paa, wengine chini ya miberoshi ya karne na karne wanapiga danadana kitu kidogo chenye manyoya ya ndege. Bibi mmoja akanirushia. Nikakipiga kwa goti, kikatua katikati ya karata za watu.

Jumba la Kuombea Mavuno ni la mviringo, paa tatu za vigae vya buluu, kimo mita 38. Ndani huingii, unachungulia mlangoni, na kufika mbele kunataka viwiko. Nguzo ni 28: nne za katikati ni misimu, 12 ni miezi, 12 ni saa za siku nzima, maana saa moja yao ya kale ni sawa na mbili zetu. La awali liliungua kwa radi mwaka 1889, hili likajengwa upya. Hekalu lenyewe ni la mwaka 1420, kazi ya mfalme Yongle, yule yule aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Siku hiyo watu saba waliomba kupiga picha na mimi, wengine hawakuomba. Nikamwaza sana yule twiga.

Mwisho nikaenda kusini, kwenye madhabahu ya marumaru ambako wafalme walitambika siku fupi kuliko zote za mwaka. Juu kuna jiwe moja la katikati, limezungukwa na mawe tisa, kisha 18, kisha 27, hadi mzunguko wa tisa wenye 81. Nilihesabu mizunguko miwili, jua likanishinda. Watu hupanga foleni kusimama katikati, kwa sababu hapo sauti yako inakurudia. Zamu yangu ilipofika sikuwa nimeandaa la kusema. Nikasema, "Hodi." Ikarudi karibu kabisa na sikio, nzito kuliko nilivyoitoa. Wa nyuma yangu akakohoa, nikashuka.